Namba Katikati ya Maua ya Piko

Mwanangu Fausta anachapa kwa vidole vyote, lakini mimi huwa naangalia kidole gumba cha mkono wake wa kushoto. Akitaka kuandika alama ambayo haionekani popote kwenye kibodi, kidole hicho kinabana kitufe kiitwacho Alt na kukishikilia, huku mkono wa kulia ukigonga namba za pembeni. Akiachia, alama inatokea. Akigonga 251 inakuja ile ya kipeuo cha pili, √. Akigonga 248 inakuja ya nyuzi, °. Namba 227 inaleta π ya walimu wa hesabu. Hata herufi za Wazungu wanaokuja mbugani, kama e yenye kijistari kichwani, nazo zina namba zao. Hizo alizijua siku alipoletewa orodha ya vyakula vya kambi moja ya watalii aichape.

Mimi niliishia darasa la saba kule Malolo, na kompyuta sijawahi kuigusa. Haya nayajua kwa kukaa na kuangalia. Fausta alipojifungua mtoto wake, Imani, alirudi kazini mapema, nami nikawa nampeleka mtoto dukani anyonye. Mtoto akinyonya, mimi sina la kufanya ila kuangalia.

Duka ni steshenari ya Damiano, kwenye barabara ya kwenda ofisi za wilaya, Kilosa mjini. Kompyuta yake ni ya zamani, na kibodi imefutika baadhi ya herufi. Dada aliyekuwa anachapa kabla ya Fausta alihamia Morogoro akaondoka na ujuzi wake. Siku za mwanzo mwalimu mmoja alileta mtihani wa fizikia, alama tele. Fausta akaacha nafasi wazi ili mwalimu ajaze kwa kalamu. Mwalimu akaushika ule mtihani, akauangalia juu mpaka chini.

"Dada, hii ni kazi ya kuchapa au shamba la mahindi walilopita nguruwe?"

Watu waliokuwa wanasubiri kutoa kopi wakacheka. Kuanzia siku ile, wateja wakipungua tu, Fausta alikuwa anabana Alt na kugonga namba moja baada ya nyingine aone kinachotoka, kama mtu anayebisha hodi kila nyumba ya mtaa ajue nani anaishi wapi. Damiano alikuwa anamtania, "Shemeji, unaicheza bahati nasibu?" Baadaye alinyamaza, maana walimu walianza kuja. Walitoka mjini, wakatoka Kimamba, wakaanza kutoka hata shule ambazo mimi nilikuwa sizijui majina. Walisema kwa Fausta mtihani unatoka ukiwa umekamilika, huna haja ya kushika kalamu.

Nilifurahi, lakini furaha yangu haikai muda mrefu. Mchapaji wa mitihani hapewi kazi kwa sababu ya cheti. Fausta cheti chake cha kidato cha nne ni cha kufichwa chini ya godoro. Anapewa kazi kwa sababu watu wanaamini kwamba alichokisoma kwenye kioo hatakisema kwa mtu yeyote, hata kwa mama yake. Imani hiyo ikiondoka, hakuna mahali pa kwenda kuiomba. Na yeye alikuwa na mtoto wa kulea. Baba wa mtoto yupo, lakini simzungumzii hapa.

Ndipo shule kadhaa za sekondari zilipokubaliana kutunga pamoja mtihani wa utamilifu, ule ambao watoto wanauita moko. Walimu wakaamua ukachapwe Mikumi, kwenye bweni la shule moja lililokuwa tupu kwa sababu ya likizo, na wote watakaohusika wakae ndani mpaka kazi iishe. Mwalimu Godfrey, aliyekuwa msimamizi, alikuja dukani mwenyewe kumwomba Fausta.

"Shikamoo mama," alianza na mimi, maana nilikuwa nimekaa kwenye benchi na mjukuu.

"Marahaba, mwalimu."

"Tunamwomba binti yako. Hesabu, fizikia na kemia zina alama nyingi, na hatuna mwingine."

Akatueleza masharti. Simu zinabaki nje. Mkoba unapekuliwa. Hakuna karatasi yenye maandishi inayoingia wala inayotoka. Fausta akasema ana mtoto anayenyonya. Mwalimu akafikiri, akasema mimi nimlete mtoto getini kila mchana na jioni, anyonyeshwe hapo hapo mlinzi akiwepo, na tuzungumze Kiswahili tu ili mlinzi asikie kila kitu. Aliyasema kwa upole. Nilimwona ni mtu mwema, na hata leo nasema hivyo.

Shida ilikuwa kwenye kichwa cha Fausta. Tangu ajifungue alikuwa anasahau. Anaweka sufuria jikoni anasahau kuwasha moto. Namba za kawaida alikuwa nazo, lakini zile za alama zinazotumika kwa nadra zilikuwa zinamkimbia, na dukani alizibandika ukutani. Ukuta hauingii kwenye bweni la Mikumi.

"Muulize mwalimu akuruhusu uingie na kijikaratasi," nilimwambia.

"Nikiuliza watajua sizijui."

"Wakijua kuna ubaya gani?"

"Mama, wamesema hawana mwingine. Nikianza kuuliza, watapata mwingine."

Jumamosi ile jirani yetu Agatha alikuwa anapaka piko mabinti waliokuwa wanakwenda kwenye sendofu ya kumuaga bibi harusi wa mtaa wa pili. Uani kwetu palijaa mikono. Fausta naye akakaa kwenye mkeka, akanyoosha mkono wa kushoto, upande wa ndani, na nikamsikia akimnong'oneza Agatha. Agatha akacheka.

"Mwenzio anaandikwa herufi ya mchumba, wewe unataka namba? Namba ya nani hiyo, ya simu?"

"Wewe chora. Maua mengi, namba ndogo."

Agatha alichora vizuri. Ua, jani, 241, mzabibu ukapinda, 253, ua tena, 246. Hazikuwa na maelezo, namba tu kwa mpangilio ambao Fausta mwenyewe aliujua. Mtu akiwa mbali aliona maua. Nilisimama mlangoni na mtoto. Sharti lilisema karatasi, nami nilijua kwamba mkono si karatasi. Nilijua pia kwamba anayetaka kukukamata hatofautishi. Piko ikishakauka haitoki kwa sabuni wala kwa ndimu mpaka ngozi yenyewe ichoke nayo. Nilitaka kusema. Nikasema, "Utavaa mikono mirefu?" Akasema, "Nitavaa."

Mikumi nilifikia kwenye chumba cha mama mmoja wa kanisani, nyuma ya barabara kuu. Malori yalikuwa yanapita, na kila likipita Imani alikuwa anashtuka na kunishika. Mchana nilipita kwenye vumbi na joto nikimfunika kwa kitenge mpaka getini. Mlinzi alikuwa kijana wa mgambo aliyeitwa Valentino, mtu wa kutoka Kanda ya Ziwa, mwenye heshima. Nje ya geti, chini ya kivuli cha ukuta, Paulina muuza karanga aliweka beseni lake. Na yeye alikuwa Msagara wa milimani kama sisi. Tulijuana kwa namna alivyonisalimia siku ya kwanza.

Fausta alitoka akiwa amechoka lakini na uso wa mtu anayefanya kazi anayoiweza. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akamnyonyesha mtoto, na sisi tukazungumza habari za choo cha mtoto na usingizi wa mtoto, kwa Kiswahili safi, mpaka Valentino akapiga miayo.

"Mama, mbona nyie hamsengenyi hata mtu mmoja?" alisema. "Kazi yangu ngumu hii."

Siku hiyo nilirudi chumbani nikala nikashiba.

Siku iliyofuata joto lilizidi. Imani alikuwa msumbufu, analivuta ziwa na kuliachia, anapiga mateke. Mkono wake ukashika mkono wa gauni la Fausta, ukavuta. Kifungo kikaachia. Maua yakatoka nje yote, na namba zake. Fausta hakuona, alikuwa anamwangalia mtoto. Mimi niliona. Nikageuza macho kwa Valentino, nikamkuta naye anaangalia upande ule ule, pengine anaangalia urembo tu, kama kijana anavyoangalia.

Nikasema kwa Kisagara, afunike mkono.

Sikupanga. Ukiogopa, lugha inayotoka ni ile uliyoogopa nayo utotoni. Nilisikia sauti yangu ndipo nikajua nimefanya nini.

Valentino akasimama wima. "Mama, umesema nini?"

Fausta akainua uso, mweupe kama aliyepakwa unga.

"Nimeuliza, mama. Umesema nini?"

Paulina, pale chini kwenye karanga zake, akainua kidole kama mtoto wa shule anayejua jibu. "Mie nimesikia. Kamwambia afunike mkono." Kisha akaniangalia akitabasamu, akidhani ananisaidia.

Valentino akasogea. Aliomba kwa adabu. "Dada, naomba kuuona huo mkono." Fausta akaunyoosha. Kijana akasoma polepole, midomo ikienda: mbili nne moja, mbili tano tatu. Nyuma yangu pikipiki mbili zilikuwa zimesimama, waendeshaji wake wamekuja kununua karanga, na nilisikia mmoja akimwambia mwenzake, "Majibu hayo. Wanachora mkononi." Mwingine akacheka, "Kweli watu wana akili."

Mwalimu Godfrey akaitwa. Alipofika alisoma mkono, na niliona uso wake ukibadilika alipofika mahali fulani. Hakupaza sauti.

"Fausta, namba moja kati ya hizi ni jibu la swali mle ndani."

"Ni namba za alama, mwalimu. Zote ni za alama. Ukibana Alt..."

"Na kwa nini mama yako anasema ufunike?"

Fausta aliniangalia. Si kwa hasira. Aliniangalia kama mtu anayesubiri mwenzake aliyeshika ncha nyingine ya mzigo aunyanyue. Nilisema yote pale pale. Nilisema kusahau kwake, nikasema piko, nikasema sendofu, nikasema mimi ni mtu wa hofu na kila mtu Kilosa anajua. Maneno yalitoka mengi kupita kiasi. Maelezo yakizidi yanafanana na uongo, na nilikuwa naliona hilo kwenye uso wa Valentino huku nikishindwa kunyamaza.

Mwalimu akaniambia nimchukue mtoto, nikae. Akaingia na Fausta ndani. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na Fausta mwenyewe baadaye.

Walimu walikuwa wamesimama kwenye chumba cha kuchapia. Mwalimu Godfrey akafungua ukurasa mtupu. Akamwambia, "Anza juu, shuka nazo zote." Fausta akabana kidole gumba, akausoma mkono wake, akagonga. ± ikatokea. ² ikatokea, ÷ ikatokea. Mara mbili akakosea, ikatokea herufi ya kigeni isiyohusika, akafuta, akarudia. Alipofika mwisho, Mwalimu Godfrey akashusha pumzi, akasema, "Mimi nimeelewa." Mwalimu wa kemia naye akatikisa kichwa kukubali.

Lakini kulikuwa na wengine. Mmoja akasema, "Kwamba ni alama tumeona. Lakini jibu ni jibu, hata kama umelichora kwa sababu nyingine. Na getini limeonekana na nani?" Mwingine akasema swali lile libadilishwe, na likabadilishwa. Mwingine akasema aondolewe. Wakaangalia kilichobaki, kemia nzima na nusu ya hesabu, na hakuna aliyesema nani atachapa. Mwisho waliamua abaki, mwalimu mmoja wa kike, Teresia, akae karibu naye muda wote, na mkono ufungwe bandeji kuanzia kwenye kiwiko mpaka kwenye kiganja. Mimi nisisogee tena getini.

"Kwa hiyo alama zilizobaki ulichapaje?" nilimuuliza.

"Nilikuwa namwomba Mwalimu Teresia ruhusa, anafungua bandeji kidogo, nasoma, anafunga."

Kwa siku zilizobaki nilimkabidhi mjukuu wangu kwa mwalimu nisiyemjua, nikaenda kusimama ng'ambo ya barabara kwenye kibanda cha vocha. Malori yakipita sikuona kitu. Yakiisha niliona geti, na Valentino, na Paulina ambaye sasa alikuwa haniangalii. Jioni ya kwanza Mwalimu Teresia aliponirudishia mtoto nilimuuliza, "Amenyonya?" Akasema, "Kidogo." Nikauliza, "Mwanangu amekula?" Akafikiri kama hilo ni swali linaloruhusiwa. "Amekula, mama."

Kazi ilipoisha na mtihani ukafungwa kwenye bahasha zake, wakawatoa wote. Fausta alikuja kwangu akiwa bado na bandeji mkononi, akampokea mtoto, na tukapanda basi la Kilosa. Njia nzima alikuwa ananisimulia kwa sauti ya chini. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu kidogo, nijue pa kushika.

Tulidhani tunawahi habari. Habari zilikuwa zimetangulia kwa pikipiki. Mtaani kwetu zilifika kwamba binti wa steshenari kakamatwa Mikumi na majibu mkononi. Walipomwona na bandeji wakaongeza kwamba kapigwa. Agatha alikuja kwangu analia, anasema yeye alidhani ni namba za mchezo wa watoto. Nilimwambia hana kosa. Akarudi kwake, na nikasikia kwamba huko nako amelia mbele ya watu na kusema "mimi nilichora tu, sikujua," na hilo likawa baya kuliko kunyamaza.

Watoto walifanya mtihani wao. Mimi nilikuwa nasikiliza kila siku, sokoni, kanisani, kisimani, nisikie kama kuna shule iliyovuja. Hakuna. Walifaulu waliofaulu na wakashindwa walioshindwa, kama kila mwaka. Nikawa nangoja mtu aje aseme kwamba mtihani ulikuwa salama, kwa hiyo mchapaji alikuwa salama. Niliamini mtu huyo lazima atakuja, maana habari mbaya ilipofika ilifika kwa haraka sana, sikuona kwa nini nzuri ishindwe njia.

Dukani kazi ya mitihani ilikoma. Damiano hakumfukuza. Alimpa kadi za michango ya harusi, ratiba za mazishi, barua za kuomba kazi. Alisema, "Shemeji, hali itatulia." Lakini nilimwona siku moja akitoa ukutani ile karatasi ya alama, akaikunja, akaiweka chini ya mashine ya kopi. Fausta aliona pia. Aliendelea kuchapa kadi ya harusi.

Mara mbili nilimwambia niende kwa wakuu wa shule, nizungumze nao mmoja mmoja.

"Mama, ukienda watauliza ni kesi gani. Wengine hawajui. Utakuwa umewapelekea."

Basi nikakaa.

Mwalimu Godfrey alikuja dukani asubuhi moja, ameshika vyeti vyake anataka kopi. Mimi nilikuwa kwenye benchi, Imani anacheza na kifuniko cha chupa miguuni kwangu. Alinisalimia, "Shikamoo mama," nami nikaitikia. Akamsalimia Fausta, akamuuliza habari za mtoto. Ilikuwa salamu nzuri, na ingeweza kuishia hapo. Lakini nilikuwa nimengoja muda mrefu.

"Mwalimu, naomba nikuulize. Ule mtihani ulivuja?"

Fausta akasema taratibu, "Mama."

"Haukuvuja," alisema mwalimu. "Hata shule moja. Ulikuwa salama kabisa."

"Basi nakuomba uliseme hilo kwenye kikao chenu. Mbele ya wale wengine. Neno moja tu."

Akaziweka sawa karatasi zake, akazigonga mezani zilingane, ingawa zilikuwa tayari sawa. Damiano alikuwa amesimama mlangoni, amegeukia barabara, lakini masikio yalikuwa kwetu.

"Mama, mtihani ukivuja, kikao kinaitishwa siku hiyo hiyo. Usipovuja, hakuna kikao."

"Kwa hiyo mnasemea wapi?"

Nilimwangalia usoni na nikaona si kwamba ananificha mahali hapo. Alikuwa anapatafuta na yeye, na hapaoni.

"Mitihani ya muhula wameshakubaliana iende Morogoro," alisema mwisho. "Mimi nilimtaja Fausta. Wakasema ni bora tusianze maneno."

Fausta alinyoosha mkono juu ya meza, ule wa kushoto, kuvipokea vyeti. Akavigeuza kuangalia kama vina maandishi nyuma.

"Nakala ngapi, mwalimu?"